Mchicha haukuota, nyanya zikaungua: bustani ya Minnesota ianze lini?

Msomaji wetu wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wetu wa pili hapa. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna sehemu ndogo, kama hatua kumi kwa sita, mwenye nyumba ametuachia tulime. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka mwishoni mwa Machi na jua likawaka, nilipanda mchicha na maharage. Mchicha haukuota kabisa. Maharage nilifukua nikakuta yameoza. Aprili nikanunua miche ya nyanya dukani, ikakaa vizuri wiki mbili, asubuhi moja nikaikuta yote myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Hapa wanasema baridi imekwisha, mbona vitu haviendi? Mwaka huu nianze lini, na nianze na nini?"

Marahaba dada, na pole kwa mbegu. Ulichofanya ndicho alichofanya karibu kila mtu aliyekulia kwetu akahamia huko: ulitazama juu. Kwetu mkulima anatazama mawingu, maana ardhi ina joto mwaka mzima na kinachongojewa ni mvua tu. Ikinyesha, unapanda. Hapo ulipo mambo yamegeuka. Maji ni tele, theluji yote ile imegeuka maji. Kinachokosekana ni joto, tena siyo joto la hewa unalolisikia usoni. Ni joto la udongo, na hilo huwezi kuliona kwa macho.

Tarehe 20 Machi kalenda inatangaza majira ya kuchipua. Mchana na usiku vinakaribia kulingana, jua linachoma, watoto wanatoka nje na fulana. Chini ya miguu yao hali ni nyingine. Baridi ya Minnesota inaweza kugandisha ardhi hadi mita moja kwenda chini. Ndiyo maana sheria ya ujenzi ya jimbo hilo inataka misingi ya nyumba upande wa kusini, pamoja na mji wenu, ishuke inchi 42, yaani kama sentimita 107, isije ikanyanyuliwa na barafu. Ardhi hiyo inapoanza kuyeyuka, inayeyuka zaidi kutoka juu. Sentimita kumi za mwanzo zimelainika, lakini chini yake kuna bamba gumu kama sakafu ya saruji, na maji hayana pa kwenda. Unabaki na tope. Tope nalo linachelewa sana kupata joto, kwa sababu maji hunywa joto jingi kabla hayajapanda hata nyuzi moja. Humo ndimo ulimozika maharage yanayotaka udongo wa nyuzi 15 au 16 za Selsiasi. Yalikunywa maji baridi, yakavimba, yakakosa nguvu ya kuchipua, kuvu wakayala.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipimajoto cha udongo, kabla ya jembe. Ni kijiti cha chuma chenye kisahani cha namba juu. Hata cha jikoni kinafaa mradi kinasoma baridi. Kichomeke sentimita tano kwenda chini, asubuhi saa mbili au saa tatu kabla jua halijaudanganya udongo, siku tatu nne mfululizo. Cha huko kitakuwa na nyuzi za Farenhaiti, basi shika nne tu: 40 ni kama 4 zetu, 50 ni 10, 60 ni karibu 16, 70 ni 21. Ikifika 40 una mazao ya kupanda, na mchicha bado haumo.

Njegere ni mfano mzuri. Kwenye udongo wa nyuzi 5 za Selsiasi punje huchukua siku 36 hivi kuota. Kwenye nyuzi 15, siku 9. Ndiyo kusema anayewahi kwa wiki tatu mara nyingi hapati cha maana kumzidi aliyesubiri. Anachopata ni punje zake kukaa ardhini zikiwindwa na wadudu na ndege. Subira huko ni sehemu ya kazi.

Kabla hujagusa jembe fanya jaribio la tonge. Chimba kina cha kiganja, chukua udongo, uminye kama tonge la ugali. Fungua mkono uangalie. Ukiona tonge linang'aa, limebeba alama za vidole vyako, na ukilisukuma kwa kidole gumba linabonyea badala ya kupasuka, lirudishe shimoni uende zako ndani. Likivunjika vipande vipande, lima. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa mbichi unakauka ukiwa matofali, na matofali hayo utaishi nayo mwaka mzima. Kwa sababu hiyohiyo usitembee juu yake. Kama lazima upite, laza ubao.

Kwa hatua zako kumi kwa sita mimi ningeinua matuta, sentimita 20 au 25 hivi, kwa mbao au bila mbao. Tuta lililoinuka linachuja maji na kupata joto mapema kuliko ardhi tambarare. Plastiki nyeusi ikilazwa juu yake wiki mbili kabla ya kupanda husaidia tena. Ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini na kuwekwa kwenye ukuta unaotazama kusini hupata joto mapema kuliko vyote. Angalia neno kusini: huko jua halipiti utosini kama kwetu, mwaka mzima linapita upande wa kusini, na kilicho nyuma ya nyumba upande wa kaskazini kitaishi kivulini. Kama sehemu yako iko huko, ndoo ndizo zitakuokoa.

Haya, nini kwanza. Kuanzia katikati ya Aprili, tonge likivunjika na kipimajoto kikisoma 40 hadi 45, panda njegere, figili, saladi, vitunguu vile vidogo vinavyouzwa kwa mifuko, na spinachi. Hapo kwenye spinachi nikuonye. Hii tunayoiita spinachi kwetu, yenye majani mapana na bua nene jeupe, kwenye pakiti za Marekani imeandikwa Swiss chard. Pakiti iliyoandikwa spinach ni mboga nyingine, fupi, laini, inayopenda baridi na kukimbilia maua Juni joto likianza. Zote nzuri. Panda ya kwao mapema uile Mei, na ya kwetu wiki mbili tatu baadaye uichume mpaka Oktoba. Sukuma wiki nayo tafuta pakiti ya collards, ndiyo iliyo karibu zaidi na ya nyumbani. Ile ya kale yenye majani yaliyojikunja inaliwa vilevile, lakini wazee wa nyumbani wataigusagusa kwa uma wakiuliza ni nini.

Dania pia hupenda ubaridi, ipande kidogokidogo kila wiki mbili kwa sababu joto likija inatoa maua upesi. Viazi mviringo vinaingia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, udongo ukiwa na 45 hadi 50.

Sasa tuje kwenye miche, maana hapa ndipo majira mafupi yanaposhindwa au kushinda. Kati ya sakitu (umande ulioganda) ya mwisho ya Mei na ya kwanza ya vuli, una miezi minne na nusu au mitano hivi. Nyanya, pilipili hoho, biringanya na nyanya chungu haziwezi kuanzia mbegu nje zikawahi kuzaa vizuri, kwa hiyo utoto wake unaufanyia sebuleni. Pilipili, biringanya na nyanya chungu zinataka wiki nane hadi kumi ndani, basi ni katikati ya Machi. Sukuma wiki pia sia Machi, maana yenyewe itatoka mapema. Nyanya wiki sita hadi nane tu, yaani mwishoni mwa Machi au wiki ya kwanza ya Aprili. Najua mkono unawasha kuanza Februari. Mche wa nyanya uliokaa ndani miezi mitatu unakuwa mrefu, wa njano, umejaa mizizi iliyojizungusha kwenye kikopo, na ukiutoa nje unashangaa mwezi mzima. Mdogo aliyenona humpita.

Dirisha peke yake halitoshi. Jua la Machi likipita kwenye kioo linaonekana kali kwa macho yetu, lakini mche unaona giza, unarefuka kuutafuta mwanga, shingo nyembamba kama uzi. Nunua taa ya kawaida ya LED ya mirija, ile ya gereji, uitundike kwa minyororo sentimita 5 hadi 8 juu ya majani, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na uizime usiku. Miche ikipanda, pandisha taa. Huhitaji zile taa za zambarau za bei mbaya.

Usitumie udongo wa nje. Ndani ya nyumba yenye joto na hewa isiyotembea, vimelea vilivyomo kwenye udongo wa shamba huamka na kuikata miche shingoni. Jioni imesimama, asubuhi imelala, ukiishika chini pamekuwa pembamba na pameoza. Nunua mchanganyiko maalumu wa kusia mbegu, ni mwepesi na hauna vimelea hivyo. Mwagilia kutoka chini: weka trei kwenye maji, inywe dakika ishirini, itoe. Feni ndogo ipulize polepole upande mmoja, juu pakauke na mashina yapate ukakamavu. Vikopo vya mtindi ukivitoboa vinafanya kazi ileile ya vikopo vya dukani.

Nyanya zako sasa. Zile hazikuugua, ziliungua kwa sakitu, ule umande ulioganda. Mimi nililelewa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na sakitu naijua tangu utoto: Juni na Julai unaamka unakuta shamba la viazi limekuwa jeupe, na jua likipanda majani yananyauka na kuwa meusi. Ungedhani mtu wa Njombe angekuwa na akili. Mwaka wangu wa kwanza Marekani nilipanda miche kumi na minane ya nyanya mwishoni mwa Aprili, kwa sababu duka lilikuwa limeipanga nje kwenye rafu, nami nikajiambia wenye nchi ndio wanaojua. Usiku mmoja tu. Duka linauza miche wiki ambayo watu wana hamu ya kununua, na ikifa watarudi kununua mingine. Kalenda yake ni ya biashara.

Katika miji yenu miwili, Minneapolis na Saint Paul, sakitu ya mwisho kwa kawaida huanguka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, kutegemea mtaa. Katikati ya mji, penye lami na majengo, hupona mapema. Pembeni na mabondeni huchelewa, maana hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama palipo chini. Wengi husubiri ipite Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Waoga kama mimi husubiri mpaka mwisho wa mwezi. Na kama bado una shaka kuhusu Aprili ya huko, muulize jirani yeyote kuhusu ya mwaka 2018: katikati ya mwezi dhoruba moja ilimwaga zaidi ya sentimita 35 za theluji.

Usiku wa sakitu una dalili. Mchana ulikuwa mzuri, jioni upepo umetulia, mbingu nyeupe bila wingu, nyota zimejaa. Wingu ni blanketi; likikosekana, joto la ardhi linapaa moja kwa moja. Ukisikia utabiri wa nyuzi 36 za kwao au chini, usingoje 32 ambapo maji huganda, kwa sababu kipimo chao kinasomwa mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi, na kwenye majani pana baridi zaidi. Funika kabla jua halijazama, kwa shuka kuukuu, likifika mpaka chini pande zote na kubanwa kwa mawe. Unachofunika ni joto linalotoka udongoni, mmea wenyewe hauna joto la kulinda. Shuka lililofungwa juu kama kilemba, miguu ikiwa wazi, halisaidii kitu. Nailoni ikigusa jani, jani linaungua palepale ilipogusa. Asubuhi jua likitoka, funua. Sukuma wiki na njegere hazihitaji taabu hii yote, baridi ndogo chini ya sifuri zinaivumilia, na sukuma iliyopigwa na sakitu ina utamu zaidi.

Kitu kingine kinachoua miche, ambacho watu hukiita sakitu kumbe sicho, ni kuihamisha ghafla. Mche uliokua chini ya taa haujui upepo wala jua lenyewe. Siku ya kwanza utoe saa moja kivulini, urudishe. Siku ya pili saa mbili. Endelea hivyo siku saba hadi kumi, ukiongeza jua taratibu, hadi ulale nje usiku wenye nyuzi zisizopungua 50. Majani yakipauka kama karatasi umeharakisha. Ni kazi ya kuudhi, kutoa na kuingiza trei kila siku, na ndiyo sababu nyingine ya kutosia miche mingi kupita kiasi. Familia ya watu sita inatosheka na miche minane ya nyanya.

Hukuuliza, lakini nyumba za kupanga za Saint Paul nyingi ni za zamani. Rangi yenye risasi (ile metali yenye sumu) ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla yake huenda imemwaga magamba ya rangi kwenye udongo wa ukutani kwa miaka. Kama una watoto wadogo usilichukulie kirahisi. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima risasi pamoja na rutuba kwa malipo ya wastani; unapeleka udongo kwenye mfuko, unarudishiwa majibu. Mpaka majibu yaje, panda mbali na ukuta, kwenye sanduku la mbao lenye udongo wa kununua, na mboga za majani uzioshe kwa maji mengi. Wakati huohuo mweleze mwenye nyumba kwamba utainua matuta, akubali kwa maandishi.

Na sungura. Wale wanaorukaruka uani wakipigwa picha watamaliza njegere na sukuma yako usiku mmoja, wanaanza na kikonyo cha katikati. Waya wa kuku wenye matundu madogo, kimo cha sentimita 60, na chini uufukie kidogo. Najua unachowaza, mtego na sufuria; uliza kwanza sheria za mji.

Halafu utasikia watu wakitaja kanda: ukanda wa 4, ukanda wa 5. Namba hizo za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaeleza baridi kali ya katikati ya majira ya baridi, yaani kama mwembe au mtufaha utaishi hadi mwaka unaofuata. Hazikwambii siku ya kupanda mchicha.

Vya nyumbani havilingani. Mahindi meupe ya nyanda za juu, kama yale ya Kenya ya H614, yanataka miezi sita na zaidi, na huko sakitu ya vuli itayakuta bado yana maziwa, kwa hiyo nunua mbegu ya muda mfupi ya palepale. Mbegu nyingine usizifiche kwenye sanduku la safari. Marekani inataka hati ya afya ya mimea, na uwanja wa ndege watakunyang'anya. Matembele inawezekana kabisa: Aprili chomeka kiazi kitamu nusu ndani ya gilasi ya maji dirishani, ukitoa machipukizi uyavunje, yapate mizizi, uyapande Juni. Nunua kiazi kwa mkulima, maana vingine vya dukani vimewekewa dawa visichipue. Sombe (kisamvu) utaendelea kuinunua ya kugandishwa. Wahmong wa Saint Paul nao walitoka milima ya joto ya Laos, na sokoni huuza miche na mboga za majani ambazo duka kubwa halina. Pita hapo Mei, utaona watu wenye tatizo kama lako waliokwisha kulitatua.

Mchicha wako mwaka huu upande mwisho wa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, kipimajoto kikisoma 65 kwenda juu. Mwaga mbegu juu, funika kwa udongo mwembamba kama chumvi, nyunyizia maji laini kama ukungu asubuhi na jioni, utaona nyuzi nyekundu ndani ya wiki moja. Na kuna dalili ya bure kuliko kipimajoto. Mchicha pori umejaa Minnesota, wenye mzizi mwekundu. Wakulima wa huko wanaung'oa kama gugu, na sisi tukiukuta mchanga tunautia nazi. Huo haununuliwi wala hausiwi. Unangoja wenyewe ardhini mpaka joto lake lifike. Siku utakapouona umejiotea kwenye ufa wa njia ya gari, chukua pakiti yako utoke nje.